Watu Tisa Katika Bahari ya Baridi



Mjomba wangu ni mvuvi wa Pangani. Aliposikia kwamba huku Cape Town, Afrika ya Kusini, watu hulipa nauli na kukodi mavazi ili waingie baharini bila wavu, bila ndoana na bila mkuki, aliniuliza, "Sasa mnakwenda kutafuta nini?" Nilimjibu kwamba tunakwenda kuangalia tu. Mtu huvaa miwani ya kuzamia, huweka mdomoni mrija wa kupumulia, huelea kifudifudi, na huangalia chini. Mjomba alicheka sana. Pengine na wewe unacheka.

Lakini nataka kukueleza jinsi kikundi chetu kilivyojiandaa kwa kazi hiyo. Maji ya huku yanaweza kumwua mtu mzima anayejua kuogelea. Yanaweza kumwua siku ambayo hakuna mawimbi wala papa. Humwua kwa baridi.

Kwanza uyafahamu maji yenyewe. Bahari ya Pangani, Unguja au Mombasa ina joto la digrii 25 hadi 29 hivi. Mtoto anaweza kucheza humo tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Hapa Cape Town bahari iko pande zote mbili za rasi. Upande wa magharibi ni Bahari ya Atlantiki. Upande wa mashariki ni ghuba kubwa iitwayo False Bay. Katika False Bay maji huwa digrii 13 hadi 15 wakati wa baridi, na wakati wa joto hupanda mpaka 18 au 20. Upande wa Atlantiki ni baridi zaidi. Tena kuna jambo la ajabu: Atlantiki huwa baridi kali wakati wa jua kali, mwezi wa Desemba na Januari. Kwa nini? Kwa sababu wakati huo upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu. Upepo huo husukuma maji ya juu, yaliyopata jua, yakaenda mbali na pwani. Maji ya chini sana, ambayo hayajaona jua, hupanda kuchukua nafasi yake. Mgeni huona jua linawaka na mchanga unachoma miguu, naye hukimbia kujitupa ndani ya maji ya digrii 11.

Wewe unayekaa Njombe au Makete unajua kuoga maji ya kijito asubuhi ya mwezi wa Juni. Unajua jinsi pumzi inavyokatika maji yanapogusa mgongo. Basi hatari ya kwanza ndiyo hiyo. Mtu akiingia ghafula katika maji ya baridi, kifua hushtuka. Huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka. Kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo, huvuta maji. Moyo nao hupiga mbio. Hali hiyo hudumu dakika moja hadi tatu, kisha hupungua. Hatari ya pili huja polepole. Maji hunyang'anya mwili joto upesi kuliko hewa, zaidi ya mara 20. Vidole hufa ganzi, miguu huwa mizito, na mwishoni akili nayo huanza kulala. Mtu wa namna hiyo ukimwuliza hali yake atakujibu, "Mimi mzima." Neno hilo ulikumbuke.

Sasa nikueleze juu ya kikundi. Tulikuwa watu kumi, sote wenye kusema Kiswahili na kufanya kazi hapa mjini. Wengine walitoka Tanzania, wengine Kongo, wengine Burundi. Watatu kati yetu tulikuwa tumezoea maji haya. Sita walikuwa wageni kabisa. Mmoja alikuwa mzee wa Lubumbashi, fundi cherehani, ambaye habari zake zinafuata.

Tulikutana mara ya kwanza nyumbani kwangu, wiki sita kabla ya safari. Sikuleta miwani wala mrija. Nilileta daftari. Nilimwita kila mtu peke yake nikamwuliza: Je, unaweza kuogelea mita 50 bila kupumzika? Je, una ugonjwa wa moyo, presha, pumu au kifafa? Wanawake niliwauliza pia kama wana mimba. Niliuliza faraghani kwa sababu mbele za watu kila mtu ni mzima na kila mtu ni mwogeleaji hodari.

Mzee wetu alikuwa na presha. Maji ya baridi hubana mishipa ya damu na kuipandisha presha mara moja. Nilimwambia, "Mzee, kwa heshima yako, wewe hutaingia." Alikasirika. Akasema, "Kwa hiyo mimi nitakuwa mtoto wa kulinda viatu?" Nikamjibu, "Hapana, Mzee. Wewe utashika saa na filimbi, na utatuhesabu. Ukipiga filimbi, tunatoka wote, hata mimi." Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba daftari. Tangu siku hiyo daftari lilikuwa lake.

Kijana mmoja alitupa shida ya namna nyingine. Mwaka 2020 ilitoka filamu iitwayo My Octopus Teacher, inayomwonyesha Craig Foster akimtembelea pweza mmoja katika msitu wa mwani wa False Bay. Mwaka 2021 filamu hiyo ilipata tuzo kubwa Marekani, na watu wengi wakatamani kuona walichokiona humo. Mimi pia naipenda. Lakini Foster huzamia bila vazi la mpira, na kijana wetu akataka kufanya vivyo hivyo. Nilimweleza kwamba mtu yule aliuzoesha mwili wake kwa miaka, siku baada ya siku. Aliyeizoea jembe halimtoki malengelenge. Asiyeizoea hutoka damu siku ya kwanza. Kijana alikubali, ingawa kwa manung'uniko.

Vazi la mpira ninalosema ni nguo inayobana mwili wote. Mpira wake una vitundu vidogo vya hewa, na hewa hiyo huzuia joto lisitoke. Maji kidogo huingia ndani, mwili huyapasha joto, nayo hukaa humo. Kwa hiyo vazi likiwa pana halifai, maana maji ya baridi yataingia na kutoka kila unapojigeuza. Tulikodi mavazi yenye unene wa milimeta 5, pamoja na kofia, soksi na glavu za mpira. Kofia ni muhimu kwa mgeni, kwa kuwa maji ya baridi yakiingia sikioni humtia kizunguzungu. Vazi hilo pia humfanya mtu aelee kama boya. Wazamiaji hufunga mkanda wa risasi kiunoni ili wapate kushuka. Sisi tulikataza mkanda huo. Mgeni na aelee juu.

Siku mbili tulifanya mazoezi St James, ambako kuna bwawa lililojengwa kando ya bahari. Maji yake ni yale yale ya bahari, baridi ni ile ile, lakini miguu inafika chini. Pale kila mtu alijifunza kutema mate katika kioo cha miwani ili kisifanye ukungu. Walijifunza kupumua kwa mdomo tu na kupuliza maji yaliyoingia katika mrija. Mtu mmoja aliuliza kwa nini mrija usiwe mrefu ili mtu ashuke chini nao. Haiwezekani. Hewa chafu uliyoitoa ingebaki ndani ya mrija nawe ungeivuta tena. Tena ukishuka kidogo tu, maji hukandamiza kifua kisiweze kupanuka.

Jambo kubwa tulilofundishana ni kuingia polepole. Ingia mpaka magotini, usubiri. Ingia mpaka kiunoni, unawe uso, umwagie maji shingo. Usitie uso majini mpaka pumzi itulie. Utajuaje kwamba imetulia? Tuliamua kwamba kila mtu ataje kwa sauti majina ya ndugu zake wote. Anayekatika pumzi katikati, asubiri. Dada mmoja wa Bujumbura alikuwa na ndugu saba. Tulimcheka kwamba yeye atachelewa kuliko wote.

Tulichagua mwezi wa Machi, kwa sababu pepo kali za kiangazi huanza kupungua na maji ya False Bay bado hayajapoa sana. Mahali palikuwa Windmill Beach, karibu na Simon's Town. Mawe makubwa sana yamezunguka pale na kuvunja mawimbi. Jirani yake ndipo wanapokaa pengwini, wale ndege wasioruka.

Jumamosi tuliyoipanga, nilikwenda ufukweni alfajiri. Upepo wa kusini-mashariki ulikuwa unavuma, na mawimbi yalikuwa yanapita katikati ya mawe. Niliwapigia wenzangu simu: leo hatuingii. Maneno yalikuwa mengi. Mavazi yamekwisha kukodiwa. Dada mmoja amepoteza siku ya kazi. Shemeji yangu alisema nimekuwa mwoga uzeeni. Lakini tulikuwa tumekubaliana tangu mwanzo kwamba wale watatu wenye uzoefu, mmoja wao akikataa, safari imevunjika, wala haulizwi mara mbili. Fedha ya mavazi ilipotea. Tuliigawana wote.

Tulirudi wiki mbili baadaye. Bahari ilikuwa shwari. Tulishusha kipimajoto kwa kamba tukakuta digrii 15. Tuligawanyika watatu watatu: mzoefu mmoja na wageni wawili. Kila kundi lilivuta boya la rangi ya machungwa la kushikilia. Ishara zilikuwa mbili tu. Mkono juu ya kichwa maana yake ni salama. Mkono ukipungwa hewani maana yake ni shida. Muda wa mwisho ulikuwa dakika 30, na akitoka mmoja, tunatoka wote. Mzee aliandika majina na saa ya kuingia.

Ndani kulikuwa na nini? Mwani wa huko si kama ule unaolimwa Paje. Kila mmoja ni mrefu kama mnazi, umeshika mwamba chini na majani yake yanaelea juu, nao huyumba wote pamoja. Jua hupenya katikati yake kama linavyopenya msituni. Tuliona viti vya pweza vyekundu na vya manjano. Tuliona papa mdogo, urefu wake kama mkono wa mtu. Akiogopa hujikunja kama pete na kufunika macho yake kwa mkia. Wageni walikuwa wanapiga kelele ndani ya mirija. Hakuna aliyechukua kitu.

Baada ya dakika 20 hivi Mzee aliona kwamba yule dada wa Bujumbura ameacha kupiga miguu. Alikuwa anaelea tu, ameshika boya. Alikuwa mwembamba, na mwili mwembamba hupoteza joto upesi. Mzee alipiga filimbi fupi. Nilimsogelea nikamwuliza, "Dada, hujambo?" Akasema, "Mimi mzima." Nikamwambia, "Nitajie ndugu zako." Alitaja watatu. Midomo ikawa mizito, akanyamaza, akaniangalia.

Nilipunga mkono. Mzee alipiga filimbi ndefu. Tulitoka sote tisa, yeye akiwa katikati ameshika boya. Kijana wa filamu alitoka bila neno, ingawa alikuwa bado ana joto.

Kazi haikuishia ufukweni. Mtu aliyetoka katika baridi huendelea kupoa kwa dakika nyingi, kwa sababu damu inayorudi kutoka mikononi na miguuni ni ya baridi. Ndiyo maana wengine huanguka wakiwa wamekwisha toka majini. Wanawake walimpeleka nyuma ya mwamba, mahali pasipo upepo. Walimvua vazi, wakamkausha bila kumsugua, wakamvisha nguo kavu na kofia ya sufu, wakamfunika mablanketi. Alikaa chini, hakutembezwa. Walimpa chai ya vuguvugu yenye sukari nyingi. Mtu mmoja aliyepita alimletea chupa ya pombe kwa wema; tukaikataa kwa heshima, maana pombe huongeza kupoteza joto. Alitetemeka zaidi pale nje kuliko majini, na wenzake waliogopa. Kutetemeka ni mwili unaowasha moto wake wenyewe. Kama angeacha kutetemeka huku akizidi kuwa mzito, tungemkimbiza hospitali.

Baada ya nusu saa aliwataja ndugu zake saba wote, kisha akaongeza na shangazi wawili ambao hatukuwa tumewauliza.

Mwezi uliofuata tulikwenda tena. Alivaa fulana nyingine ya mpira ndani ya vazi, na Mzee alimwandikia dakika 15 katika daftari lake. Zilipotimia, alipiga filimbi tukatoka.