Maji kwa Zamu: Barua kutoka Nizwa

Ndugu zangu wa Unguja na Pemba,

Safari hii nimekusudia kuwaeleza, si majumba ya Maskati ambayo kila msafiri huyasifu, bali namna watu wa Nizwa, ambako mvua ni haba na jua ni kali, walivyodumu karne na karne wakila tende za mashamba yao.

Tegemeo lao ni falaji, yaani mfereji uchukuao maji kutoka chini ya majabali hadi mashambani kwa mteremko mtupu, pasipo mashine yoyote. Na Falaji Daris ya hapa Nizwa ni mojawapo ya zile tano ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia. Maji yakifika mjini hutekwa kwanza ya kunywa, kisha hupita msikitini na mahali pa kuogea, ndipo yaelekezwe kwenye mitende, na yanayosalia hupewa mimea ya msimu. Kwa hiyo mwaka wa ukame aghalabu mboga ndizo zinyaukazo, na mtende, uliolelewa miaka mingi, husalimika.

Hisa ya maji hupimwa kwa wakati, na kipimo chake, athar, ni takriban nusu saa, ambayo wazee waliijua mchana kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa ardhini, na usiku kwa nyota. Muda ukitimia, mwenye shamba huziba mlango wake kwa jiwe lililozungushiwa matambara, akamfungulia jirani bila ya kuteta.

Lakini lililo bora kuliko yote ni hili: baadhi ya hisa si milki ya mtu, bali hunadiwa, na fedha zake hukabidhiwa wakili wa falaji kwa kazi ya kuzoa mchanga na kujenga kuta zilizobomoka. Hasimu wa falaji siku hizi ni kisima cha pampu, kwani kikichimbwa ovyo karibu na chanzo, maji ya chini hushuka na mfereji wa watu wote hukauka kwa manufaa ya mmoja.

Basi nyinyi mliojaaliwa masika na vuli, na ambao pampu ya kijiji ikiharibika huachwa ikashika kutu, nawasihi: kabla ya kuomba mpya, tengeni fungu la matengenezo, mchagueni mwaminifu wa kulishika, na hesabu yake isomwe hadharani.

Wassalaam,
Ndugu yenu aliyeko Omani