Tulipokwenda Garissa Kumtazama Mtoto

Tulitoka Malindi baada ya sala ya alfajiri, tukashika njia ya Garsen na Hola. Kutwa nzima mto Tana ulikuwa jirani yetu, nao hauonekani ila kwa mstari wa miti mibichi katikati ya nchi kavu. Tulipoingia Garissa jua lilikuwa limekwisha kuinama, lakini joto halikuwa na habari hiyo. Wachungaji walikuwa wakirudi kutoka mtoni na ngamia wao, na adhana ya magharibi ikatukuta mlangoni kwa dada yetu.

Dada yetu ameolewa huko, na mwanawe alishikwa na saratani ya damu akiwa na umri wa miaka minne. Ilianza kwa homa isiyokatika na tumbo kujaa upande wa kushoto. Mavyaa wake, kwa mapenzi na hofu, akaita mchomaji, kwa kuwa moto ndio dawa aliyoirithi kwa wazee wake. Alama nne zingali juu ya ngozi ya mtoto. Kumbe kilichovimba ni bandama, na wiki tatu zikapotea. Kipimo cha damu ndicho kilichowapeleka Nairobi, kilomita zipatazo 370.

Huko alitolewa uboho kwa sindano ya nyongani, akatiwa dawa mishipani na katika uti wa mgongo. Nywele zikaanguka, kinywa kikafanya vidonda hata maziwa yakamshinda. Wengi wetu hudhani matibabu haya ni ya mwezi mmoja. La, saratani ya damu ya watoto hutibiwa miaka miwili hadi mitatu. Sehemu kubwa ni vidonge vya nyumbani, na mtoto huonekana mzima kabisa. Hapo ndipo wazazi huacha. Nauli imekwisha, wadogo zake wameachwa kwa majirani, basi husimamishwa kila kizuizi na vipande hukaguliwa, na mtoto mwenyewe anacheza mpira: ya nini tena kwenda?

Katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 katika kila 100 wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo la kuwafikisha walau 60 duniani kote ifikapo 2030. Siku hizi Garissa ina kituo chake cha saratani katika hospitali ya rufaa ya kaunti, neema kubwa kwa watu wa Wajir na Mandera, ambao hata kufika hapo ni safari ya haja.

Tulimwuliza dada yetu lililomsumbua zaidi. Tulitaraji aseme sindano. Akasema, "Homa." Dawa zile huua seli za saratani na askari wa mwili pamoja, hivyo joto likifika nyuzi 38 mtoto hupelekwa hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Na katika mji ambao ukuta wenyewe una moto, kiganja cha mama hakiwezi kupambanua homa na hewa. Akanunua kipimajoto. Mavyaa, asiyejua kusoma, akafundishwa tarakimu zake. Na ndiye aliyeamsha nyumba usiku mmoja kabla ya Ramadhani, akiwa amekwisha kuvaa buibui na kupakata kitabu cha hospitali. Ni yeye pia aliyekataza maziwa ya ngamia yasiyochemshwa, jambo zito kwa mtu wa huko.

Sasa mtoto amemaliza vidonge, alhamdulillahi, na amebakiwa na vipimo vya damu vya kila baada ya muda. Nywele zimerudi, nzito kuliko za awali. Tulipokuwa tukijipepea mkekani akaja na kipimajoto, akakitia kwapani mwa mkubwa wetu, akangoja kimya kama daktari.

"Thelathini na saba, Khalati," akasema. "Huna homa. Ni Garissa tu."