Nani Aliyeshona?

Siku nyingine jumba la makumbusho la Victoria and Albert hufunga milango jioni mapema, lakini Ijumaa huiacha wazi mpaka saa nne za usiku. Hilo lilinifaa sana miaka niliyoishi London, maana mchana nilikuwa masomoni na siku nyingine jioni nilikuwa jikoni mwa mkahawa, mikono imo kwenye povu. Kuingia jumbani ni bure tangu mwaka 2001. Maonyesho ya muda ndiyo yenye tiketi, na tiketi hizo niliziwekea akiba kama wengine wanavyoweka akiba ya sikukuu.

Baba ni fundi cherehani, Mombasa. Mteja akileta nguo ya kuigwa, Baba haitazami nje. Huipindua kwanza, akaangalia bitana, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, akavuta pindo kidogo aone limeshikwa na uzi gani. Akimaliza huuliza, "Nani aliyeshona hii?" Mara nyingi mteja hajui, naye Baba hutikisa kichwa kana kwamba mtu amesahau jina la mkwewe. Mimi nimekua chini ya meza ile, kwenye vipande vya vitambaa. Basi nikiingia kwenye jumba lile la South Kensington, hata mbele ya vitu vya wafalme, swali langu lilikuwa la Baba.

Si swali geni mahali pale. Jumba lilianzishwa mwaka 1852, mwaka mmoja tu baada ya Maonyesho Makuu ya Hyde Park, kwa sababu wakubwa wa Uingereza waliona bidhaa za viwanda vyao hazina sura mbele ya za wenzao. Mkurugenzi wa kwanza, Henry Cole, alitaka mafundi na wafanyakazi waje waone vitu vilivyotengenezwa vizuri, wajifunze, waige. Walipohamia South Kensington mwaka 1857, alitia taa za gesi ili mtu wa kazi apate kuja jioni. Mimi na povu langu tulikuwa wageni halisi wa Cole, ingawa sidhani alipata kututia akilini.

Mwaka 2015 yalikuja maonyesho ya Alexander McQueen, Savage Beauty, yaliyokuwa yameanzia New York mwaka 2011, mwaka mmoja baada ya kifo chake. London nzima ilipagawa. Karibu watu nusu milioni waliyaona, na mwishoni jumba likafunguliwa usiku kucha. Nilikwenda saa tisa za usiku, nimetoka kazini, nanuka mafuta ya kukaangia. Foleni ilikuwepo hata saa hiyo: wasichana wenye viatu virefu waliotoka kwenye muziki, mzee mwenye fimbo, manesi wawili ambao nadhani walikuwa njiani kwenda zamu. Ndani kulikuwa na giza, manyoya, ngozi, pembe, na chumba kimoja kilichopangwa rafu mpaka darini. Watu walizunguka sanamu ya mwanga ya Kate Moss ikielea hewani. Mimi nilisimama mbele ya gauni la makombe marefu membamba ya pwani, la mkusanyiko wake wa 2001. Sisi watu wa bahari tunajua kombe lilivyo: ukilitoboa ovyo, linapasuka. Kila moja lilikuwa limetobolewa na kushikizwa, mamia kwa mamia, yakishuka mpaka chini. Nikaenda kwenye maelezo ukutani. Jina lilikuwa moja tu.

McQueen mwenyewe alianza kazi akiwa na miaka 16, mwanagenzi kwa mafundi wa suti wa Savile Row, na mkato wa makoti yake unamtaja mtu aliyekaa na mkasi kabla ya kukaa na wapiga picha. Ndiyo maana lile jina moja lilinikera zaidi kwake kuliko kwa mwingine yeyote. Yeye alijua chumba cha nyuma kina watu wangapi.

Maonyesho ya vitambaa vya India, yaliyofuata mwezi wa Oktoba, nitayapita haraka, si kwa ubaya wake. Yalikuwa mazuri mno, na kwa mtu wa Mombasa yalikuwa kama kutembelea upande wa pili wa Biashara Street: chapa za mbao, nili, pamba nyepesi inayopita kwenye pete. Ninachokikumbuka ni hema la Tipu Sultan, limejaa maua ya chapa kuanzia juu mpaka chini. Lilichukuliwa baada ya kuuawa kwake mwaka 1799, likaishia kwenye kasri la Powis, Wales, ambako wenyewe walilisimamisha bustanini kwenye karamu zao. Mama mmoja wa Kigujarati alikuwa karibu nami, akasema peke yake kwa sauti, "Walikunywa chai humu." Kisha akacheka, na mimi nikacheka naye.

Mwaka 2018 hapakuwa na foleni wala tiketi. Vitu vilikuwa vichache, kama ishirini hivi, vimewekwa kwenye ukumbi wa fedha ghorofani: Maqdala 1868. Miaka 150 ilikuwa imetimia tangu jeshi la Jenerali Napier lilipoivamia ngome ya Mfalme Tewodros wa Pili wa Ethiopia. Tewodros alijiua asishikwe. Nyara zilikuwa nyingi kiasi kwamba inasemekana zilibebwa na tembo 15 na nyumbu karibu 200, kisha zikapigwa mnada na fedha zake wakagawiwa askari. Kwenye sanduku la kioo palikuwa na taji la dhahabu, na watu waliokuja waliliendea hilo. Jirani yake palikuwa na gauni la Malkia Terunesh, mkewe Tewodros, la pamba, limedariziwa kwa hariri.

Nilikaa hapo mpaka mlinzi akaanza kunitazama. Dhahabu imeyeyushwa na watu wengi duniani na yote hung'aa vilevile, lakini darizi ina mwendo wa mkono wa mtu, kama sauti ya msomaji. Kwetu pwani wanawake hushona kofia za vito, tundu kwa tundu, miezi, na anayejua kofia hujua hii ni ya mtaa gani, pengine hata ya bibi gani. Hariri ile nayo ilikuwa na bibi yake, huko juu kwenye mlima. Jumba linajua nguo ilikuwa ya nani. Linajua ilitoka vipi. Terunesh alifariki mwezi mmoja baada ya vita, njiani kushuka pwani, na mwanawe Alemayehu, mtoto wa miaka saba, aliletwa Uingereza, akafa mwaka 1879 akiwa na miaka 18, akazikwa Windsor. Mkurugenzi wa jumba alikuwa ametamka kwamba vitu vinaweza kwenda Ethiopia kwa mkopo wa muda mrefu. Ethiopia ilitaka virudi, si kukopeshwa. Mimi nisiye na mji pale naona neno mkopo lilihitaji uso mkavu kweli.

Kisha yakaja ya Julai 2022, Africa Fashion, na safari hii sikwenda peke yangu. Khalati, dada wa Mama, alikuwa amekuja kututembelea. Yeye hushona madera na nguo za harusi, na ana ulimi. Mwanzoni alisimama mbele ya vazi la waridi la Imane Ayissi, limejaa rafia, akasema, "Hili huketi nalo vipi?" Picha za James Barnor na Seydou Keïta zilimlainisha, alizitazama kama albamu ya jamaa. Palikuwa pia na picha na nguo kutoka makabatini mwa familia, maana jumba lilikuwa limewaomba watu wa kawaida watoe vya kwao. Akazisoma zote.

Chris Seydou wa Mali alimpendeza kwa kuwa alianza kwa fundi wa mtaani, na kwa kuwa alisita kabla ya kuikata bogolanfini, kitambaa chenye maana zake, akaikata hatimaye kuwa suti na sketi fupi. "Kusita ni adabu," Khalati alisema. "Kukata ni kazi." Tukapita kwa Moshions, nembo ya mitindo ya Rwanda, tukafika kwa Shade Thomas-Fahm, mama wa Lagos aliyesomea mitindo London na kurudi kwao kufungua duka. Yeye aliichukua iro, nguo ya kujifunga ya Wayoruba, akaitia zipu, ili mwanamke aende kazini bila kuishikilia kiunoni.

Khalati aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa. Mlinzi akamwomba arudi nyuma. Akarudi, akamwuliza kwa Kiingereza chake kilichonyooka nani aliyeshona hii. Mlinzi akamwonyesha maelezo. "Hayo nimesoma," Khalati akamjibu, "nauliza zipu nani aliyeitia, maana imelala vizuri." Kijana wa watu akasema hajui, samahani mama. Yule ndiye mtu pekee wa jumba lile niliyewahi kumsikia akijibu swali la Baba.

Picha ya zipu Khalati aliituma Mombasa usiku uleule. Maonyesho yalifungwa Aprili 2023, yakaenda Brooklyn, na Idi ikaingia wiki hiyohiyo. Dukani kwake wasichana wa ofisini walikuwa wamekwisha kuagiza leso za kujifunga zenye zipu, nazo zikauzwa vizuri. Mteja mmoja mzee aliyenunua bila kukagua aliirudisha kesho yake. Alitaka zipu itolewe na senti zake za zipu arudishiwe.