Mtoto Aliyesoma kwa Masikio

Kwa miaka mingi naliamini ya kuwa mtoto asiyejua kusoma ni mvivu tu. Imani hiyo nimeiacha, tena kwa aibu.

Katika darasa langu la pili, hapa Muheza, alikuwapo mwana wa mama mmoja auzaye machungwa karibu na stendi. Kwa kuhesabu chenji hakushindwa na mtu. Nikimwambia, "Soma," alisoma ukurasa wote wa silabi, ba be bi bo bu, pasipo kukosa. Hata siku moja nikampa kitabu juu chini kwa kutoangalia. Naye akasoma vile vile! Kumbe alikuwa akiimba aliyoyasikia kwa wenzake. Nikaandika ubaoni neno "boga". Hata herufi ya kwanza hakuijua. Darasa likacheka, nami, Mungu anisamehe, nikamwita mzembe. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Ndipo nikaanza kuuliza na kusoma. Huko Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, wataalamu walichunguza shule 101 tangu mwaka 2010. Walitaka kujua kama kupima na kutibu malaria shuleni kutawasaidia watoto kujifunza, faida haikuonekana. Lakini katika nusu ya shule zile, walimu walifundishwa namna ya kufundisha sauti za herufi, na kila juma wakapelekewa ujumbe mfupi kwa simu. Watoto wao wakaendelea vema katika kusoma, na walioacha shule wakapungua kutoka 5 katika mia hata 2. Neno hili lilinichoma, maana wangu alikuwa amekwisha kuacha.

Tena Katie Alcock na Damaris Ngorosho walionyesha mwaka 2003 ya kuwa Kiswahili, ingawa huandikwa kama kisemwavyo, si chepesi kwa mtoto kukiandika. Nami ni mara ngapi nimeona "karamu" mahali pa "kalamu", nikapiga alama nyekundu na kupita!

Nikaenda kwa mama yake jioni, nikaomba radhi mbele ya mtoto. Mama akasema, "Mwalimu, mimi nalidhani anajua. Kila usiku hunisomea kitabu." Sikuwa na jibu.

Alirudi. Kila asubuhi, kabla ya kengele, tulikaa chini ya mwembe na vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi, sauti moja kwa siku. Muhula ulipokwisha nikapita stendi, nikaona kipande cha boksi juu ya kapu: MACHUGWA MATAMU. Nikamwambia alitamke polepole neno la kwanza. Akalitamka, akatulia, akaniomba kalamu.