Reli mbili uani: Acha nafasi ya mkono wa mtoto

Kutoka Bukoba mjini kwenda Muleba, barabara ya lami hupita Kemondo na Muhutwe, kati ya vibanja vya migomba na mibuni. Abiria ataona mabasi, bodaboda na baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi. Treni ya abiria hataiona.

Reli ilifika Mwanza mwaka 1928 ikaishia ng'ambo ya Ziwa Victoria. Mtoto wa Kagera anayetaka kuona treni hupanda meli, kama New Victoria Hapa Kazi Tu, akalala ziwani na kuamkia Mwanza. Wengi huiona kwenye simu tu, hasa tangu treni ya umeme ya SGR ilipoanza safari za Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024.

Mzazi anaweza kuileta uani. Mianzi iliyopasuliwa inatosha kuwa reli, maboksi yakawa mabehewa na vizibo vya soda magurudumu. Kwa watoto wawili zinahitajika njia mbili, na ugomvi huanzia kwenye kona, treni zinapogongana.

Sababu ni hii: behewa halikunjiki. Likiingia kwenye kona, tumbo lake husogea ndani na ncha zake hutokeza nje. Njia mbili zilizopishana vizuri kwenye mstari ulionyooka zitakwaruzana zikipinda.

Chukua behewa lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa 12, magurudumu ya mbele na ya nyuma yakiachana sentimita 40. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita moja, tumbo huingia ndani sentimita 2 na ncha hutoka nje karibu 2.5. Kwa hiyo, kama kwenye mstari ulionyooka umeacha sentimita 17 kutoka katikati ya njia moja hadi katikati ya nyingine, kwenye kona acha 22. Zile sentimita 5 zinazobaki kati ya mabehewa ni za mkono wa mtoto anayeinua lililoanguka.

Reli za bustani za LGB, zilizoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1968, zina upana wa milimita 45. Upana huo huwakilisha takriban mita moja, sawa na reli yetu ya zamani, na kanuni ya kona ni ileile.

Kabla ya kugongelea chochote, weka mabehewa mawili marefu sambamba na uyasukume kwa mkono kona nzima. Mvua za Bukoba ni nyingi, hivyo tandika kokoto chini, la sivyo udongo utasombwa na nafasi uliyopima itapotea. Kunja ncha za waya, na vizibo visifikiwe na mtoto wa chini ya miaka mitatu, maana humkaba.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kuwa mtoto wa miaka mitatu hadi minne acheze kwa kujongea angalau dakika 180 kwa siku, na akae mbele ya skrini si zaidi ya saa moja. Kwa familia zinazoishi kando ya barabara hii, swali ni atachezea wapi. Jenga reli upande wa nyuma ya nyumba, ili behewa likiserereka, mtoto alifuate kwenye migomba, si kwenye lami.