Babu alipoulizwa mwenyewe

Asubuhi ile ya upepo na vumbi la Nzuguni, barazani walikaa wanne: babu, mkewe, binti yao mkubwa na kijana wa mazoezi tiba aliyekuja kwa bodaboda kutoka stendi kuu. Miezi mitano ilikuwa imepita tangu kiharusi kimpige babu upande wa kulia. Kabla ya hapo alikuwa fundi ujenzi.

"Shikamoo mzee. Leo nina maswali matano," kijana alisema, akatoa karatasi.

Karatasi hiyo inaitwa EQ-5D, kipimo cha watafiti wa EuroQol, kundi lililoanza mwaka 1987, na Kiswahili chake kipo. Haipimi presha wala nguvu za mkono. Inauliza kuhusu kutembea, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Mwishoni kuna mstari kama rula, 0 hadi 100, mgonjwa aonyeshe afya yake leo iko wapi.

Bibi alijibu yote kabla babu hajakusanya maneno, maana ulimi ulikuwa bado mzito. "Anatembea hadi getini. Kuoga namwogesha. Shughuli? Apumzike tu, kazi amefanya vya kutosha." Kwenye rula akaweka kidole penye 80. Alikuwa na sababu: mtu aliyerudishwa kutoka hospitali hakuweza hata kukaa.

"Asante mama. Sasa naomba mzee ajibu mwenyewe."

Ilichukua muda. Babu alisogeza kidole cha mkono wa kushoto polepole, kikasimama kwenye 35.

Bibi aliinuka akaingia jikoni. Nani angemlaumu? Ndiye aliyemgeuza usiku asipate vidonda, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, na yote hayo yamepewa 35 mbele ya mgeni.

Binti akauliza kwa nini.

"Simu yangu mnayo ninyi," babu alisema, neno moja moja. "Hela sishiki. Fundi wa choo amekuja... hamkuniita."

Ni kweli. Nyuma ya nyumba choo kipya kilikuwa kinajengwa, na aliyeijenga nyumba yenyewe alikuwa ndani akisikiliza koleo likikwangua zege. Walidhani wanampumzisha. Kipimo hicho kina hata karatasi ya peke yake ya kujazwa na ndugu, kwa sababu jibu la ndugu si jibu la mgonjwa.

Simu ikarudishwa. Babu akaanza kutumwa chumvi na mafuta dukani, mjukuu pembeni, safari ya hatua chache iliyomaliza nusu saa, na chenji aliihesabu mwenyewe kwa sauti. Siku moja alisimama mbele ya fundi akasema ukuta umepinda. Ulikuwa umepinda.

Baada ya wiki sita kijana alirudi. Mguu ulikuwa unaburuta vilevile. Babu alionyesha 60.

Kijana alipokuwa anafunga mkoba, bibi, aliyekuwa akichambua mlenda, akamwita.

"Na mimi rula yangu iko wapi?"

Kijana akakaa tena, akatoa karatasi nyingine. Swali la kwanza lilipoulizwa binti alitaka kumjibia mama yake. Babu akamnyamazisha kwa mkono wa kushoto.