Kichwa Nilikiinua kwa Mikono

Gari lililotugonga lilitokea nyuma. Matatu yetu ilikuwa imesimama kando ya barabara ya Wote kwenda Makindu, karibu tufike Kathonzweni, ikimshusha mama mmoja na magunia yake. Nilisikia kishindo, kichwa kikarushwa nyuma kisha mbele. Kiti nilichokalia kilikuwa kifupi, hakikufika hata mabegani. Hakuna aliyetoka damu. Tulimshukuru Mungu, na jioni hiyo nikapika muthokoi kama kawaida.

Asubuhi kichwa kilikataa kuinuka. Nilikishika kwa mikono miwili kutoka kisogoni, kama ninavyoipua chungu mekoni, ndipo nikaweza kuketi.

Hospitalini walinipiga picha. Mifupa yote saba ya shingo ilikuwa mizima. Nikapewa dawa za maumivu, nami nikajinunulia kola ya shingo, nikaivaa usiku na mchana kwa wiki tano. Kichwa kiliniuma kuanzia kisogoni hadi nyuma ya macho. Mtu akiniita kwa nyuma, niligeuka mwili mzima, kama mlango. Ilikuwa Desemba, ndengu zinataka palizi, na mimi siwezi kuinama.

Kilichoniumiza zaidi ni maneno. Mguu ukivunjika, watu huona plasta, wanakuletea uji. Shingo yangu haikuwa na hata mkwaruzo. Nikasikia kwamba nasubiri fidia ya bima, kwamba nimechoka kuteka maji. Nililia sana mwezi ule, na nilikuwa nimeanza kuwaamini.

Januari dada yangu alinipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, binti wa umri wa kifungua mimba wangu. Aliivua ile kola kwanza. "Mama, kichwa kina kilo nne na nusu, hata tano," akaniambia. "Gari likigongwa nyuma, kiti kinausukuma mwili mbele, kichwa kinabaki, halafu kinafuata kwa nguvu. Misuli haipati nafasi ya kujikaza." Nyuzi za misuli na kano ndizo zilizochanika, na picha ya mifupa haizionyeshi. Maumivu kuchelewa hadi kesho yake ni jambo la kawaida. Nilishika mkono wake nikashindwa kusema. Kumbe nilikuwa mgonjwa kweli.

Kola ilikuwa imeifanya misuli izidi kudhoofika na kukakamaa. Akanifundisha kugeuza shingo polepole kulia, kushoto, kurudisha kidevu nyuma, kubana mabega, mara chache lakini kila siku. Shingo kuvuta kidogo si hatari, alisema. Ila mikono ikifa ganzi au ikikosa nguvu, miguu ikiyumba, au mkojo ukinishinda, nikimbie hospitali saa hiyo hiyo. Wengi hupata nafuu ndani ya miezi mitatu. Wengine, kama mimi, huenda zaidi.

Halafu akauliza, "Maji unabebaje?"

Kwetu tunabeba kwa mukwa, ukanda unaopita utosini na kushika mtungi mgongoni. Lita 20 ni kilo 20, kutoka kwenye kisima cha mchangani mtoni hadi nyumbani, na uzito wote unavutwa na shingo. Sikuwahi kuufikiria; mama yangu alibeba hivyo, na nyanya pia. Akanikataza. Mume wangu, ambaye hakuwahi kuteka maji tangu tuoane, akaazima toroli akaenda mtoni mchana kweupe, na wanaume wenzake wakimtazama. Sitamsahau kwa hilo.

Februari tulivuna ndengu. Nilichuma kidogo, nikapumzika, nikafanya mazoezi yangu kwenye kivuli cha mwembe. Aprili jirani aliniita njiani kutoka nyuma, nikamwitikia na tukasalimiana. Nilikuwa nimeshapita kona ndipo nikatambua kwamba nilikuwa nimegeuza kichwa peke yake.

Asubuhi za baridi shingo bado inakaza. Mukwa umeangikwa kwenye msumari jikoni, na binti yangu wa miaka kumi na mitatu ameanza kuuliza lini ataanza kuutumia. Nimemwambia toroli lipo.